Sikio Lilishikwa, Halikupimwa

Loh! Jamani, hili leo nitalisema mpaka buli la kahawa lipoe. Mtoto wa nchi hii ya Tanzania anaingia darasa la kwanza bila mtu yeyote kumtazama kama anaona. Hakuna anayejaribu sikio lake. Hakuna anayemwambia "fumbua kinywa nione". Jina linaandikwa, idadi inaongezeka, mtoto anaingia darasani. Akifika la nne hajui kusoma, tunashika vichwa kana kwamba mkosi umeanguka kutoka mbinguni.

Pita shule yoyote ya msingi ya serikali msimu wa uandikishaji, kuanzia Oktoba hivi. Meza imetolewa nje, imewekwa chini ya mwarobaini, juu yake kuna daftari kubwa na jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. Mama amefika na mwanawe aliyevalishwa nguo ya sikukuu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Cheti cha kuzaliwa unacho?"

"Ninacho."

"Picha mbili za paspoti?"

"Hizi hapa, mwalimu."

Mwalimu anamgeukia mtoto. "Haya mwanangu, unaitwa nani?" Mtoto kimya. Mwalimu anarudia, sauti imepanda kidogo. Mtoto anazungusha shingo, bega la kulia linatangulia, anautazama mdomo wa mwalimu, halafu wa mama yake, ndipo anataja jina lake, nalo linatoka limepungua silabi. Mwalimu anatabasamu: "Ana aibu huyu." Mama naye anajitetea: "Ndivyo alivyo, mwalimu, ni mzito kidogo, atazoea." Basi, imeisha. Kalamu inaandika. Anayefuata!

Nesi wa kliniki angekaa pale dakika tano tu angeshtuka. Mtoto anayetanguliza bega moja na kusoma midomo ya watu anakwambia waziwazi kwamba sikio moja halifanyi kazi, au yote mawili yanafanya nusu. Pengine lilitoa usaha tangu akiwa na miaka miwili, bibi akawa analidondoshea mafuta ya nazi ya vuguvugu, usaha ukakauka, ukarudi, ukakauka tena, nyumbani wakasema amepona. Pengine alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, akatoka mzima, ndugu wakamshukuru Mungu, na hakuna aliyejua kwamba homa imeondoka na usikivu wake. Ila pale mezani nesi hayupo. Yupo mwalimu mmoja, foleni ya akina mama imefika getini na jua linapanda. Simlaumu hata chembe.

Januari ikifika, mtoto huyo anajikuta nyuma kabisa ya darasa la watoto mia na ushei, wengine wamekaa sakafuni. Huko nyuma anasikia mvumo. Mwalimu akisema "ba, be, bi" yeye anapata "a, e, i". Anachungulia daftari la jirani, anachapwa kwa kunakili. Anaitwa haitiki, anaambiwa mkaidi. Likizo ya Juni haijafika ameshapewa jina: zezeta, bubu, kilaza. Jina hilo anakua nalo. Akifika darasa la nne Baraza la Mitihani linamletea upimaji wa taifa, na tangu aache kliniki taifa halijampima macho wala masikio. Linampima alichofundishwa kwa sauti asiyoisikia. Hapo ndipo ninaposonya.

Wazee wa hapa kijiweni wanakikumbuka kipimo cha zama zao. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wachache, umri ulihesabiwa kwa mwaka wa mafuriko au wa njaa, kwa hiyo mwalimu alimwambia mtoto: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Ukilifikia, umekua, ingia. Usipolifikia, rudi nyumbani, tuonane mwakani. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani, alituonyesha juzi. Mkono ulipita juu ya baraghashia, vidole vikalishika sikio, akatwambia alirudishwa nyumbani miaka miwili mfululizo. Alipokubaliwa hatimaye, tayari alikuwa anauza maandazi na kurudisha chenji bila kukosea.

Kipimo kile kilikuwa na akili yake. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kadiri anavyokua mikono inarefuka, na akiwa na miaka sita au saba kwa kawaida analifikia sikio. Lakini tazameni kilichotokea kwa wengine. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni, mwenye miaka saba kamili, mkono ulikuwa haufiki. Alirudishwa kulekule kwenye chakula kilichomdumaza. Aliyehitaji shule na uji wake kuliko wenzake wote ndiye aliyefungiwa mlango. Na yule aliyelifikia sikio, basi lilishikwa tu. Hakuna aliyepima kama linasikia.

Tena kudumaa hakujawa hadithi ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ndio wanaokuja mezani pale chini ya mwarobaini na nguo zao za sikukuu. Leo hatushiki masikio, tunatazama cheti. Cheti ni haki ya mtoto, sipingi. Ila kinasema alizaliwa lini, hakisemi amekuaje.

Na karatasi inayosema amekuaje ipo! Imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa na risiti ya kiwanja. Kadi ya kliniki. Ina tarehe za chanjo, ina mstari wa uzito unaopanda kwenye rangi, kijani, kijivu, nyekundu. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubela miezi 9, ya pili miezi 18. Mpaka hapo akina mama wa nchi hii hawana mfano. Wanaamka alfajiri, wanapanga kadi zao kwenye benchi la zahanati, wanasubiri na watoto migongoni. Baada ya sindano ya miezi 18, foleni inakatika. Kadi ina nafasi za kuandika uzito mpaka miaka mitano, na kwa watoto wengi nafasi hizo zimebaki nyeupe. Mama anaona kazi imekwisha, sindano hakuna tena. Na nesi naye, kusema kweli, hana la kumwitia, maana mtoto akija atawekwa kwenye mzani, aambiwe haya nenda.

Kwa hiyo kati ya miezi 18 na siku ya kuandikishwa kuna miaka mitatu, minne, ambayo mtoto hatazamwi na mtu yeyote mwenye ujuzi. Na ndiyo miaka anayojifunza kuongea. Ndiyo miaka jicho linayojifunza kuona. Madaktari wa macho wanaeleza jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua: jicho moja likiwa na kasoro, ubongo unazoea kutegemea lile zima na kulipuuza lenzake. Likigunduliwa mapema, daktari anampa mtoto miwani, anaziba jicho zima saa kadhaa kila siku, na lile lililolala linalazimika kufanya kazi mpaka linaamka. Umri ukishapita miaka saba au minane, tiba inakuwa ngumu na matokeo yake hupungua. Mtoto mwenyewe halalamiki, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine; anadhani dunia ndivyo ilivyo. Mama hagundui, maana mtoto anakimbia, anacheza, anaokota sarafu mchangani. Hutajua mpaka umzibe jicho moja, umuulize anaona nini. Jambo la dakika moja, na hatulifanyi!

Kuna hesabu nyingine inayoniuma zaidi. Sera ya afya inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Elimu ya awali anaianza akiwa na miaka mitano, na darasa la kwanza akiwa na sita kwa sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023. Haya, pigeni hesabu. Siku anayotimiza miaka mitano msamaha unakoma, na ndipo anapoanza kukaa mbele ya mwalimu, mtu wa kwanza anayeweza kumwambia mama, "Huyu macho yake hayako sawa, mpeleke hospitali." Mama anafika dirishani anaambiwa alipie kumwona daktari, alipie kipimo, alipie miwani. Anarudi nyumbani kutafuta hela, na wengine ndio hivyo, hawaonekani tena. Uchunguzi huohuo ungefanywa mtoto akiwa na miaka minne na nusu, sehemu kubwa ya gharama ingeangukia ndani ya msamaha. Ni suala la kuwahi miezi michache. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikisimama sawasawa huenda ikaziba pengo hilo, lakini mtoto wa leo anatimiza miaka mitano leo.

Daladala haibebi abiria mpaka ikaguliwe taa, breki na matairi, na kila mtu hapa anaona ni haki. Mtoto tunamwachia barabara ya miaka kumi ya masomo bila kumkagua chochote.

Niliposema uchunguzi wa kabla ya shule uwe lazima, dereva wa bodaboda mmoja alinikatiza. "Kaka, unataka watuongezee karatasi. Wakishasema lazima, kesho mwanangu anakataliwa shule kwa kuwa sina fomu ya daktari." Muuza kahawa akadakia: "Na fomu yenyewe itauzwa."

Hawa wawili wana hoja, na yeyote anayetaka uchunguzi huu uwe sheria aanze na hofu yao. Fomu za afya tunazijua. Kijana akichaguliwa kidato cha tano, fomu za kujiunga zinakuja na ukurasa wa uchunguzi wa afya: macho, masikio, kifua, damu, mkojo, ujazwe na daktari wa serikali. Waulizeni vijana waliopitia. Wako watakaokwambieni walifika asubuhi, wakalipa, fomu ikajazwa "kawaida, kawaida, kawaida" kutoka juu mpaka chini, muhuri ukagongwa, na hakuna aliyewashika hata mkono. Kwa mtoto wa miaka mitano, uchunguzi wa namna hiyo ni hatari kuliko kukosa uchunguzi kabisa. Mwalimu akishasoma kwenye karatasi "masikio: kawaida", atamchapa mtoto kwa uhakika zaidi.

Kuna kipimo kingine kilichokuwa cha lazima mashuleni, nacho kilikuwa cha mabinti. Walipangwa mstari wakapimwa mimba, na aliyekutwa nayo alifukuzwa, masomo yakaishia hapo. Ilibidi tusubiri mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ikatangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Kipimo kile kilikuwa cha kumtoa mtoto shuleni. Mzazi mwenye kumbukumbu hiyo akisikia "uchunguzi wa lazima" akakunja uso, ana kila haki.

Kwa hiyo swali ni moja: lazima kwa nani? Japani wana sheria ya afya shuleni tangu 1958. Inamlazimisha nani? Inailazimisha halmashauri. Bodi ya elimu ya mji au ya kijiji ndiyo yenye wajibu wa kuwachunguza watoto wote wa eneo lake wanaotarajiwa kuanza shule mwaka unaofuata. Wazazi wanaletewa taarifa ya siku na mahali, madaktari wanakuja na wa meno wanakuja, watoto wanatazamwa lishe, uti wa mgongo, macho, masikio, ngozi na meno. Kasoro ikionekana, halmashauri inamshauri mzazi kuhusu tiba na inapanga namna mtoto atakavyosoma. Ujerumani nako majimbo yana uchunguzi wa kabla ya shule, unaofanywa na madaktari wa idara ya afya ya wilaya. Mtoto anaruka kwa mguu mmoja, anachora mtu, anarudia maneno, anavalishwa visikilizio na kuulizwa kama anasikia mlio, anatazama picha kwa jicho moja moja. Nazitaja nchi hizi kwa sababu zimembebesha mzigo mwenye nguvu za kuubeba.

Kwetu neno lazima likitoka, anayetafutwa ni mzazi. Mtendaji wa kata anamwita, mgambo anabisha hodi, faini inatajwa. Hatujawahi kusikia mkurugenzi wa halmashauri ameitwa ajieleze kwa nini watoto mia tatu wa kata moja wameingia darasani bila kutazamwa macho. Mimi nasema lazima iende huko. Halmashauri ibanwe kisheria kumfikia kila mtoto kabla hajatimiza miaka mitano, bila malipo, na shule ikatazwe kabisa kumrudisha mtoto kwa kukosa uchunguzi. Aliyepitwa aingie darasani leo, apimwe wiki hiihii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matibabu na chanjo, na inampa haki ya elimu. Zote mbili ni zake. Hakuna ruhusa ya kutumia moja kumnyima nyingine.

Najua jibu litakalokuja: bajeti hakuna. Mh! Hebu tuvitaje vifaa vyenyewe. Chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, imetundikwa ukutani. Kamba ya mita sita. Kijiko cha kuziba jicho. Mtoto asiyejua kusoma ananyoosha vidole kuonyesha miguu ya E inaelekea upande gani, basi. Sikio, unasimama nyuma ya mtoto, sikio moja limezibwa, unanong'ona majina ya vitu anavyovijua, paka, mpira, ndizi, naye anarudia. Kipimo hiki hakifikii cha hospitali na kasoro ndogo zinaweza kukiponyoka, lakini mwenye tatizo kubwa utamwona. Mzani na utepe wa kupima mkono zahanati wanavyo. Tochi wanayo. Ukimmulika mtoto jichoni ukaona mboni nyeupe, inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, na saratani hiyo ikiwahiwa mtoto anapona.

Kinywani utakuta meno yaliyooza mpaka mtoto anameza bila kutafuna, na kwa wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara utakuta meno ya kahawia ya maji yenye floridi nyingi. Tazama kama macho ni ya njano, uliza kama huwa analia kwa maumivu ya viungo usiku, uliza kama vidole viliwahi kuvimba: huenda ni selimundu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania. Mtoto mwenye selimundu akijulikana kabla ya Januari, mwalimu anaambiwa asimkimbize mchakamchaka asubuhi ya baridi na asimnyime ruhusa ya kwenda kunywa maji. Asipojulikana, anakimbizwa, anaugua, anakosa wiki nzima, akirudi anachapwa kwa utoro. Mwanzo hadi mwisho, mtoto hajafanya kosa lolote.

Halafu kuna lile la akili na maendeleo, na hapa naomba tuende taratibu kwa sababu ndipo watoto wanapoumizwa. Kumtazama mtoto wa miaka minne na nusu hakuhitaji mashine. Mwambie alete kikombe akiweke chini ya meza, uone kama anaelewa maneno mawili yanayofuatana. Mpe vizibo vya soda akuhesabie vitano. Mpe kipande cha mkaa achore mduara. Zungumza naye uone kama anakutazama usoni. Mtoto mwenye usonji au aliyechelewa kuongea utaanza kumshuku hapo, na mama ambaye miaka yote ameambiwa na majirani "watoto wa kiume huchelewa kusema, hata baba yake alichelewa" atapata mtu wa kumsikiliza.

Lakini apimwe kwa lugha ya kwao! Mtoto wa Newala anayeongea Kimakonde nyumbani, wa Monduli anayeongea Kimaasai, wa Meatu anayeongea Kisukuma, ukimsimamisha mbele ya mgeni mwenye koti jeupe ukamwamuru kwa Kiswahili, atakaa kimya, nawe utaandika "uelewa hafifu". Umeshamharibia. Bibi yake aliye nje ya chumba angeitwa, amri ileile ikasemwa kwa lugha ya mji wao, mtoto angekimbia kuchukua kikombe. Sheria yoyote ya uchunguzi isiyoandika jambo hili itazalisha watoto wa kubandikwa majina kwa maelfu, safari hii majina yenye muhuri wa serikali.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwafikisha zaidi ya 137,000. Hao ni watu wa vijiji na mitaa yetu, lugha wanazijua, nyumba wanazijua, wanajua nani ana mtoto asiyetoka nje. Desemba 2021 ilizinduliwa pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, inayosema makuzi ya mtoto mpaka miaka minane ni kazi ya afya, lishe, elimu na ulinzi kwa pamoja. Serikali imeandika hayo kwa mkono wake. Kilichokosekana ni siku moja kwenye kalenda ya kata ambapo watu hawa wote wanamkalisha mtoto mbele yao.

Tena watoto wachunguzwe wote. Kenya wana vituo vya upimaji wa elimu maalumu tangu 1984, na ni kazi nzuri, lakini kituo humpokea mtoto ambaye tayari kuna aliyemshuku. Yule anayetanguliza bega pale mezani hashukiwi na mtu. Ana aibu tu, wamesema.

Mzee fundi cherehani akauliza swali la mwenye akili: "Mkishamgundua, mtampeleka wapi?" Ndilo swali lenyewe. Kumwambia mama mwanao hasikii kisha ukamwacha barabarani ni ukatili. Ila wengi wa watakaogunduliwa dawa yao iko karibu. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, na usaha wa masikio ni mojawapo. Huo unatibiwa na zahanati. Wengine wanataka miwani. Wengine wanataka dawa ya minyoo na uji. Wengine wanataka kitu kisichouzwa: kiti cha mbele. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi anaona, ila anaona kwa karibu. Akipewa kiti cha mbele, kofia na maandishi makubwa anasoma, badala ya kufundishwa nukta nundu kwa vidole ilhali macho anayo. Wenye matatizo mazito wana pa kwenda pia, ingawa ni mbali na foleni ni ndefu. Hospitali ya CCBRT inashughulikia macho, mdomo sungura na miguu iliyopinda. Hospitali ya Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na upandikizaji huo kwa mtoto aliyezaliwa hasikii unamsaidia zaidi akiwa mdogo sana, kwa hiyo kila mwaka tunaouchelewesha tunaukata kwenye maneno yake. Kwa lugha ya alama zipo shule za Buguruni Viziwi na Tabora Viziwi. Mtoto kiziwi akianza lugha ya alama na miaka mitano anakuwa mwanafunzi kama wengine. Akigunduliwa na kumi, anaanza kujifunza majina ya vitu wakati wenzake wanajifunza kugawanya.

Wazazi wenye watoto wa miaka mitatu na minne, msisubiri sheria. Itoeni kadi kwenye mfuko. Siku ya kliniki nendeni, hata kama sindano zimekwisha, na mwambieni nesi kwa adabu lakini bila kuondoka: "Naomba unipimie huyu macho na masikio, na uandike kwenye kadi." Akisema hawana chati, ajaze hilo pia. Nyumbani mzibeni mtoto jicho moja moja mkicheza naye, muiteni kutoka nyuma kwa sauti ya chini. Sikio likitoa usaha msitie kitu, si mafuta, si maziwa, si mkojo; likausheni kwa kitambaa safi mwende zahanati. Siku ya kuandikisha, wekeni kadi mezani juu ya cheti, mwalimu aione hata kama hajaiomba.

Na diwani akija kuomba kura au kufungua kisima, tumuulize hapohapo mbele ya watu: kwenye bajeti ya halmashauri mwaka huu, chati za macho za madarasa ya awali ziko ukurasa wa ngapi? Zikiwa hazipo, mganga mkuu wa wilaya na afisa elimu wakae meza moja kabla ya Oktoba, watuletee tarehe ya uchunguzi kwa kila kata, na tarehe hizo zibandikwe ofisi ya mtendaji pale wanapobandika majina ya wadaiwa wa michango.